Msamaha Nilioutoa Kanisani

Njombe, kambi ya wachuma chai

Mama yangu,

Amahoro. Goti linaendeleaje? Na maharage ya huko Heru Juu, yameota? Mimi mzima, ila baridi ya huku acha tu. Asubuhi tunachuma chai vidole vimekufa ganzi.

Mama, nilipoanza kukueleza kwa simu juu ya ule ushuhuda wangu, ulinikatiza: "Edina, usiyafukue yaliyozikwa. Baba yako ni mzee wa kanisa, uso ataupeleka wapi?" Nimekusikia. Na bado nayafukua.

Unakumbuka nilivyosimama kanisani baada ya mimba yangu kutoka? Nilisema, "Nimemsamehe jirani aliyenifanyia uchawi." Mkapiga vigelegele. Jina sikulitaja, ujanja huo! Lakini jirani aliyeingia kwetu wiki ile alikuwa mmoja tu, Mama Anania. Tangu siku hiyo nani kanunua muhogo wake? Nani kakaa naye benchi moja?

Ukweli ni huu. Nilikuwa na homa siku tatu. Mama Anania ndiye aliyekuja akasema, "Binti, twende zahanati, hata mgongoni nitakubeba." Nikamjibu kwa kiburi kwamba mimi nina maombi, yanatosha. Mimba ilipotoka nikaona haya, maana nilionywa. Nikamtafuta mtu wa kunibebea aibu yangu. Haya, ndiye mlokole wenu huyo!

Huku, kila ikifika Meza ya Bwana, mchungaji anatuambia kila mtu ajihoji mwenyewe kwanza. Mara tatu mkate umenipita nimekaa. Miaka yote nimehoji wenzangu, Mama, mimi mwenyewe sijawahi kujigusa. Mara ya nne nikasema basi, imetosha.

Na uso wa Baba? Shikamoo yake naitoa kwa magoti mawili, lakini auweke palepale Mama Anania alipouweka wake miaka miwili hii.

Haya yote niliyaandika kwenye barua iliyopita. Kaka Yohana alipokusomea akaruka mistari, kisha akanipigia simu kujisifu eti kanusuru ukoo. Kwa hiyo hii sikuituma kwake. Nimempa mwenzangu anayerudi huko Kasulu aikabidhi kwa yule aliyekuwa akikusomea barua zetu kabla sijamharibia jina, naye aje akusomee.

Mama Anania, wewe unayeisoma hii kwa sauti, sasa nasema nawe. Ulikuja kuniokoa, nikakuchafua. Sina la kukusamehe, hukunikosea. Nisamehe wewe, na usiponisamehe ni haki yako. Krismasi nitasimama palepale niliposimama, niyaseme haya kwa mdomo wangu, wapige vigelegele wasipige.

Msalimieni Baba, na shangazi muuza mawese. Kaka Yohana aambiwe leo hakuna mstari uliorukwa.

Mama, usimwache msomaji wako aondoke na njaa. Songa ugali wa muhogo, mle sahani moja, na mlango uwe wazi majirani waone.

Mimi binti yako, ambaye safari hii sikuomba ruhusa,
Edina