Mama Anastasie, Mwenye Alisalimia Watu Mupaka Juu ya Mulima wa Barafu

Mama, leo mwaka mumoya umetimia tangu uliacha bidoni yako ya maziwa nyuma ya mulango na ukaenda bila kuaga, weye mwenye ulikuwa unaaga hata mbuzi.

Kila asubuhi ulitoka kwetu Mudzipela na maziwa ku kichwa, kuenda soko. Njia yenye mutu mwengine anamaliza nusu saa, weye ilikukamata saa mbili. Ulisimama ku kila kiingilio. Watoto wameamuka? Mugongo inauma tena? Ile ngombe ya mabaka imezaa? Siku zingine maziwa ilifika sokoni imeanza kuganda, na uliiuza vile vile, ukisema leo ni ya wenye meno. Siye watoto wako tulisikia haya. Tulikuomba: "Mama, salimia kwa mukono, upite." Ukajibu: "Mukono haina masikio."

Wengine walizani unapenda tu maneno. Siye tulijua. Mwaka wa 2003, wakati tulikimbia, mudogo wako Baudouin alishika njia ya Komanda peke yake. Vita ilipotulia ulizunguka kijiji kwa kijiji ukiuliza nani alimuona mara ya mwisho. Watu walikuambia: watu wengi walipita, lakini hatukusalimiana. Mupaka leo hatujui alifika wapi. Tangu ile wakati haukuacha mutu akupite kimya. Ulisema mutu mwenye umesalimia njiani iko mu mikono yako paka afike.

Lakini haungependa tulie mu gazeti ya parokia. Acha tukumbuke ile ya mulima.

Ilikuwa mwezi wa pili, 2011. Amani yetu hapa ilikuwa ya kulala na viatu miguuni, lakini ndege zilikuwa zinaruka, na binti yako Félicité alikuita kule Ecosse, inchi ya Wazungu, kwa bwana yake, umusaidie kuosha mutoto mwenye alikuwa amezaa. Bwana yake Callum alijifunza Kiswahili hapa Bunia, wakati alikuwa anachimba visima na shirika moya. Akaona umechoka kukaa mu nyumba ukiangalia mvua. Siku ya posho, juu hakuendake kazi, akakupeleka kutembea ku mulima.

Ulivaa suruali mara ya kwanza mu maisha yako, na kikwembe juu yake, ili Mungu asishituke. Callum akakupatia viatu vya meno ya chuma na kajembe kadogo. Ukakaangalia sana.

"Callum, jembe yangu nimeiacha Mudzipela. Nimevuka bahari munipatie ingine?"

"Mama, haiko ya kulima. Ni ya kujishikilia mu barafu ukiteleza."

"Basi huku juu wanalima nini?"

"Hakuna kitu, Mama."

"Njo maana umekonda."

Mukapanda. Kule juu mugongo wa mulima ulikuwa mwembamba sawa mugongo wa ngombe mu mwezi wa jua kali, teluji upande huu, teluji upande ule, na chini kabisa ziwa nyeusi. Kila mutu aliangalia miguu yake. Weye uliangalia watu. Mukakutana na vijana wane wanashuka, ukawasimamisha. Callum akatafsiri, uso wote mwekundu: "Anauliza wazazi wenu wako namna gani." Wakavua miwani, wakajibu mumoya mumoya. Wa mwisho akasema mama yake amepasuliwa goti. Ukasema utamuombea, na Callum anaapa kwamba ulimuombea pale pale, macho umefunga, upepo ikikusukuma.

Mbele kidogo mukamupita papa mumoya, mutu muzima, amekaa peke yake na kofia nyekundu, anakunywa chai. Yule njo alijibu vizuri kuliko wote. Bibi yake alikufa. Watoto wawili, mumoya haandikake. Akauliza na watoto wako. Akasema anamaliza chai na atawafuata nyuma, sababu njia ya kushuka upande ule ni moya tu.

Ukungu ikashuka. Mulipofika pahali njia inaacha mugongo wa mulima na kuteremuka, haukuona tena hata vidole vyako. Callum alisema muende mbio, kule giza inafika saa kumi na moya, na saa nane ilikuwa imepita. Weye ukasimama, ukangoja, ukangoja.

"Papa wa kofia nyekundu iko wapi?"

"Mama, pengine alirudia kule alitokea."

"Alisema anatufuata."

"Pengine anatembea polepole."

"Tumesimama hapa wakati wa kupika ugali na kuila. Hata bwana yangu muzee Alexis angekuwa amefika."

Ndiyo, Papa Alexis, alisema vile. Utusamehe kuiandika.

"Mama, ukiumia huku, Félicité atanifukuza mu nyumba."

"Na nikishuka bila yule papa, ni miye nitakufukuza."

Callum ni mutu wa kuinama akipita mulango, na weye ulimufikia ku kifua. Alikuangalia, akageuka. Mukafuata nyayo zenu, yeye mbele, weye nyuma na mukono ku mufuko wa mugongo wake. Uliita kwa Kiswahili, juu Kingereza haukujua: "Papa wa kofia, tuko hapa. Papa wa kofia, jibu." Kwa muda murefu ilijibu upepo tu. Kisha Callum akaona alama ya mutu kuteleza upande wa kushoto, na chini, kama mita makumi mbili, kitu nyekundu juu ya jiwe.

Muguu yake ilikuwa imevunjika. Callum akashuka na kamba, akamufunika na koti yake, akaita wenye kuokoa watu ku telefone. Walifika na kipoyi ya kubeba mugonjwa nyuma ya saa mbili. Zile saa zote weye ulikaa juu, umeshikilia kajembe kako, ukimuongelesha asilale. Maneno ilipokwisha, ukaanza kumutajia ngombe za Mudzipela, jina kwa jina. Hakuelewa hata neno moya. Lakini ku hospitali alimuambia Callum kwamba kila mara macho ilipotaka kufunga, alijiambia: acha nisikie kwanza ile yenye kufuata.

Uliporudi kwetu, jirani wote walikuja kuuliza barafu iko namna gani. Ukasema: "Ni baridi. Lakini watu ni wazuri, ukiwasimamisha."

Tangu pale Papa wa Kofia alipiga telefone kila Bonané, mwaka mupya ikianza. Callum alimufundisha Kiswahili kidogo, na alikusalimia sawa mutu wa Mudzipela: watoto, jirani, mvua, ngombe. Hata ile ya mabaka aliuliza kama imezaa. Siku tulikuzika alipiga pia. Hakujua neno ya pole. Akatusalimia vile ulimuzoeza, watoto, jirani, mvua, ngombe, kisha akafika pahali pa kusema "na Mama?" na akaishia pale. Tulikaa na ile telefone ku sikio muda murefu, na hakuna mwenye alikata.

Siku ya Mungu yenye kuja, nyuma ya misa ya kwanza, tutabeba bidoni yako kutoka Mudzipela paka soko, na tutasimama ku kila kiingilio. Wenye watatuona, watujibu kwa kirefu. Hatuna haraka.

Wenye kukukumbuka: bwana yako muzee Alexis, mwenye sasa anatembea mbio; watoto wako Gérard, Félicité na Callum, Débora, Christian; wajukuu Orly, Héritier na Bijou; jirani wote wa njia ya maziwa; na kule mbali, na fimbo na kofia yake, Papa wa Kofia.

Hakuna siku tutakusahau, Mama. Ulitusalimia. Tuko mu mikono yako paka tufike.