Kanda Zisizo na Maneno

Jumatatu, 6 Juni 2005. Kitale

Sweta za shule tangu asubuhi. Mashine ya kufuma inameza maneno ya kila wimbo, kwa hiyo nasikiliza muziki usioimbwa. Leo kanda mpya ya Wafula imefika kutoka Bungoma. Ana kibanda cha kuonyesha video huko, na sinema ikifika kwenye muziki mtulivu anaweka redio kaseti mbele ya spika, ananasa. Kinanda, filimbi, halafu mtazamaji mmoja anakohoa. Nimekizoea hicho kikohozi, nakingoja.

Mimi nitamtumia gitaa na saksofoni nilizonasa redioni jana. Mwaka mzima tunabadilishana hivi. Hajasema neno la mapenzi. Mimi pia sijasema, na nampenda.

Jumatano, 8 Juni

SMS ya Wafula: "Jmosi nakuja tuongee na mama yako juu ya mahari. Nimefikiria sana."

Nimeisoma mpaka chai ikapoa. Mahari! Mtu hajanishika hata mkono. Nimefurahi. Nimekasirika. Sijui kipi kilitangulia.

Alhamisi, 9 Juni

Nimemwambia Mama. Kosa. Amefagia nyumba yote, hata chumba cha mbele, kile cha duka kilichobaki tupu fundi viatu alipohama. Amemwita Mjomba Njoroge kutoka Endebess. Mjomba ameuliza kama hao watu wa Bungoma wana ng'ombe au ni kuku tu.

Ijumaa, 10 Juni

Nimesukwa. Kichwa kinauma. Mbona hakuniuliza mimi kwanza? Nimeweka kanda yake, haijibu kitu.

Jumamosi, 11 Juni

Amekuja peke yake, spika begani. Mjomba akauliza wazee wa kwao wako wapi.

"Wako Bungoma, mzee. Hii ni maneno yangu mimi mwenyewe."

"Na hiyo mahari utatoa aje?"

"Nitakuwa nalipa kila mwezi. Biashara ikikataa, narudisha funguo, natoka."

Mjomba akapaliwa na chai.

Funguo! Hapo ndipo nikaelewa. Mahali. Kwa Wafula l na r ni mapacha, na amewachanganya mpaka kwenye simu. Alitaka chumba cha mbele, auze kanda hapa Kitale. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia kiko wazi.

Nikamweleza Mjomba, herufi kwa herufi. Wafula naye akaelewa kilichokuwa kikingojwa. Akatazama kuku mezani, akatazama nywele zangu, akanyamaza. Mama akampa chumba, angefanya nini? Nikaenda jikoni nikalia.

Jumapili, 12 Juni

Sikwenda kanisani. Aibu. Mjomba amerudi Endebess akicheka peke yake.

Lakini kule kunyamaza kwa Wafula kulikuwa kwa nini? Aliogopa? Alinihurumia? Alitamani? Nabadilisha mawazo kila nikigeuza kanda. Muziki hauna l wala r, tungebaki huko huko.

Jumatatu, 13 Juni

Nimefuma mkono mmoja wa sweta mara mbili. Nimefumua.

Jumanne, 14 Juni

Mvua. Umeme ulipotea, ukarudi. SMS kutoka Bungoma:

"Mahali nimepata. Mahari bado natafuta."

Nimeitazama muda mrefu. L iko panapostahili, r iko panapostahili. Amejifunza kuandika, au zimeangukia hapo kwa bahati? Sijui kama hii ni ahadi au ni tahajia.

Nikamsomea Mama, polepole, neno kwa neno. Akaacha kuchambua maharagwe.

"Mahari amepata, mahari anatafuta," akarudia. "Si ni kitu moja?"

Nimerudi kwenye mashine, nimeweka kanda. Kinanda, filimbi. Nangoja kikohozi.