Chuo Hakiposwi kwa Halwa

Bi. Jedida, kwako wewe unayetutatulia mambo kila Jumatano gazetini, mimi ni mama wa hapa Malindi, nimechoka, na nakuomba uninusuru kabla sijaaibika mbele ya ukoo mzima.

Nina binti anaitwa Sahla, ndiye kitindamimba wangu, wenzake wote wameshaolewa wakaenda kwao, na huyu alhamdulillahi mtihani wa kidato cha nne kaufaulu mpaka mwalimu wake akanipigia simu, na sasa chuo kikuu kimoja upande wa Kilifi kimetangaza siku ya wageni, Jumamosi ya wiki ijayo, wazazi na watoto waende wakione na waulize wanayotaka kuuliza, basi Sahla akanijia mbio kwa furaha, "Mama, twende!" nami nikamwambia tutakwenda, tena tutakwenda vizuri, watu watatuona.

Nikaanza kupanga. Wewe ni mtu wa pwani, unajua mtoto wa kike hapelekwi ugenini kama mzigo, lazima aonekane ana watu, hata posa ikija hatuitikii mpaka tumekwenda kuona kwao mvulana, tukajua mamake ni mtu wa namna gani na jikoni kwao kukoje, sembuse pahali atakapolala miaka minne. Kwa hiyo nikamwambia wifi yangu Shekha, mwenye saluni ya hina, naye akasema bila yeye haendi mtu, kisha ndugu yangu Faiz, kwa kuwa anajua kusema na wakubwa, yeye atakaa na mkuu wa chuo amuulize ni mtu wa wapi na kazaliwa na nani, kisha bibi yake Sahla, anayetaka kwenda na chetezo akafukize udi vyumba wanavyolala wanafunzi, kisha shoga zangu ambao nikiwaacha hawatanisamehe, mpaka tukakodi gari la abiria kumi na wanne na bado kuna mtu itabidi apakatwe. Leso za sare tumeshanunua. Halwa nimeagiza, na ya mkuu wa chuo ina sinia yake peke yake. Tena kikao tulikaa, hapa hapa kwangu, tukakubaliana sote kwamba Sahla asome udaktari, maana ukoo hauna daktari na bibi yake ana presha, na mwenyewe alikuwapo, ndiye aliyetumiminia kahawa, wala hakupinga.

Sasa ndiyo balaa. Juzi namjaribisha leso yake, akasimama akaniambia, "Mama, mimi siendi kuozwa. Naomba twende mimi na wewe tu." Mimi na wewe tu, kama watu waliofukuzwa kwao! Nikamuuliza, "Na shangazi yako nitamwambia nini?" Akasema, "Basi kuna kitu nataka kukuonyesha kwenye simu," nikamwambia angoje nimalize kuhesabu vikombe, kwani vikombe vya kuazima kwa Shekha haviaminiki, nilipomaliza alikuwa ameshaingia chumbani kafunga mlango. Tangu hapo hanisemeshi. Jana akatoka kutoa hukumu yake: ikiwa ni msafara, yeye haendi, na wala hachagui chuo chochote, atakwenda kukaa saluni apake watu hina, na huku kuchagua kozi kunafungwa mwisho wa mwezi. Shekha kusikia hivyo, badala ya kumgombeza, akasema mlango uko wazi.

Mimi namlaumu yule rafiki yake wa Gede, Kabibi, anayekwenda na babake tu, wawili, na chapati zao wamepanga kuzifunga kwenye gazeti. Huyo ndiye anayempotosha. Kila Jumamosi Sahla yuko Gede, wanashuka mikokoni, wanapanda miche, wanateka maji kwenye vijichupa na kuyapima sijui nini, anarudi na tope mpaka magotini na nguo naziroweka mimi. Babake Sahla, Athman, nikimwambia aseme na bintiye, ananiambia yeye ana duka.

Kusema kweli, Bi. Jedida, naogopa. Huyu akiondoka nitabaki mimi na Athman na redio. Nimemtayarishia yote haya na ananitazama kama adui yake. Nimfanyeje akubali kupanda gari?

Mama Sahla, Malindi.

*

Mama Sahla, barua yako nimeisoma nimesimama, maana niliogopa nikikaa utanihesabu nami kwenye gari.

Kwanza pokea hongera zangu. Barua nyingi zimepita mezani hapa, lakini mzazi wa kwenda kuposa chuo kikuu wewe ndiye wa kwanza. Mshenga unaye, halwa unayo, sare mmeshanunua, udi upo. Umesahau tarumbeta tu. Sasa nikupe habari mbaya mapema: chuo hakina mama mkwe wa kuwapokea mlangoni. Mtakuta mahema, meza, na vijana wa fulana moja wanaogawa makaratasi. Mkuu wa chuo siku hiyo ana wageni wa kaunti nzima, na Faiz akimvamia kumuuliza kazaliwa na nani, ataitwa mlinzi, na mlinzi atakuwa na haki. Bibi namheshimu sana, shikamoo yake naituma hapa, lakini chetezo chenye makaa ndani ya bweni kitaamsha king'ora cha moto na wanafunzi wote watamiminika uwanjani. Hapo kweli watu watawaona, kama ulivyotaka.

Na usidhani nakucheka kwa kila kitu. Hilo la mtoto kuonekana ana watu nimelelewa nalo hata mimi, kwetu Vitengeni, na siku nilipopelekwa shule ya bweni nilisindikizwa na nusu ya kijiji. Nilifurahi. Lakini nilikuwa mtoto mdogo na sikuwa nimemwomba mtu chochote. Wako ni mtu mzima karibu, na ameomba kitu kimoja tu: mamake. Wazazi wangapi huniandikia hapa wakilia kwamba watoto wao wakubwa wanaona haya kuonekana nao! Wako anakutaka wewe peke yako, nawe unamwona amepotoshwa.

Hofu yako naielewa, na nakuonea huruma, kwa kuwa nyumba iliyokuwa na kelele za watoto ikinyamaza inauma. Ila tuambiane kweli, mama yangu. Gari hilo hukulijaza kwa ajili ya Sahla. Umelijaza ili msikae wawili njia nzima, asije akapata nafasi ya kukwambia anaondoka. Ataondoka tu. Swali lililobaki ni kama ataondoka akiwa anakusemesha.

Sasa turudi kwenye barua yako mwenyewe. Nimeisoma mara mbili nikitafuta jambo moja. Nimejua vikombe vya Shekha haviaminiki. Nimejua bibi ana presha. Nimejua hata chapati za Kabibi zitafungwa kwenye nini, na ninaomba tu lisiwe gazeti lenye jibu hili. Nisichokiona popote ni hiki: Sahla anataka kusoma nini? Hukuandika. Hukuandika kwa kuwa hujui, na hujui kwa kuwa hujamuuliza.

Udaktari mmeuchagua nyinyi mliokunywa kahawa. Aliyeimimina hakuulizwa, na wewe ukachukua kimya chake ukakipeleka kwa ukoo kama idhini. Msichana ana birika la moto mkononi, mbele yake mjomba, shangazi na bibi, ulitaka apinge vipi? Ammwagie nani?

Kisha akakujia mwenyewe na simu yake, ana kitu cha kukuonyesha. Ukahesabu vikombe. Natumaini vilitimia. Mimi niko huku Kilifi, kitu hicho sikukiona na sitajifanya najua ni nini. Lakini mtoto anayetoa Jumamosi zake zote kwenda kuzama kwenye tope la mikoko na kupima maji kwa vichupa, na hakuna aliyemlazimisha wala aliyemsifu, huyo hakupotoshwa na Kabibi. Huyo ameshaanza kusoma. Muda wote huo umekuwa ukiroweka sare yake ya shule bila kujua.

Na wifi yako anasema mlango uko wazi? Kwa nini usiwe wazi! Atampata wapi tena mpakaji wa hina aliyefaulu mtihani hivyo, asiye na mahali pengine pa kwenda kwa sababu mamake aling'ang'ania gari? Mfikishie salamu zangu, umwambie mlango huo aufunge taratibu, asijibane vidole.

Haya, nisikilize. Gari lirudishe kwa mwenyewe leo hii. Shekha, Faiz na hao shoga zako usiwafukuze, maana ni watu wa Sahla na atawahitaji, wape kazi. Wabaki nyumbani wapike, mkirudi jioni mle pamoja, hiyo halwa iliwe hapo na walioipenda, leso za sare mzivae hapo hapo ukumbini kwenu, na Sahla awahadithie kwa mdomo wake aliyoyaona. Bibi afukize udi wake nyumbani na amwombee mjukuu dua, dua haiamshi king'ora. Athman naye afunge duka, akae na bintiye hata kwa kikombe kimoja cha chai. Wateja wake hawatahama Malindi kwa muda huo.

Wewe na Sahla nendeni wawili, mahamri yenu kwenye mfuko. Mkifika, atangulie yeye na wewe umfuate nyuma. Najua una maswali, na ni ya maana: bweni linafungwa saa ngapi, maji hayakatiki, pa kuswali ni wapi, usiku nani analinda. Uliza yote, tena uliza kwa ukali, ila baada ya yeye kumaliza yake. Na akisimama kwenye meza isiyo na daktari hata mmoja, usizimie. Simama naye hapo, sikiliza, uchukue karatasi yao moja kama mtu aliyependezwa, na ikikuvutia kweli usione haya.

Lakini yote hayo hayatakufaa kitu kama hukuanza na la leo, kabla hujalikunja gazeti hili. Nenda kwenye ule mlango uliofungwa, ubishe. Usiende na leso mkononi wala na Shekha nyuma yako. Mwambie gari limerudishwa. Mwambie, "Nionyeshe kile kitu." Kisha muulize anataka kusoma nini, na unyamaze mpaka amalize, hata akichukua muda, hata usipolipenda jibu lake.

Kwani Jumamosi pale getini atasimama mtu asiyemjua kabisa, kavaa fulana ya chuo, na kabla hajamuuliza hata jina atamuuliza swali hilo hilo. Katika watu wazima wote aliokutana nao tangu mtihani utoke, huyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kumuuliza. Usikubali akutangulie.