Mgeni Aliyepiga Hodi Ndani ya Mashine

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na shemeji naye mgongo umemwachia angalau aweze kuinama kufunga kamba za viatu. Watoto je? Yule mtundu wa mwisho bado anatafuna sabuni? Mimi huku sijambo. Nakula, nalala, na kazi bado ninayo. Hilo la kazi nalitilia mkazo kwa sababu nimepata habari kwamba shangazi amekwambia nimekamatwa nikiiba kompyuta. Dada, kompyuta yetu imejaza ukumbi mzima, makabati kwa makabati, kila moja refu kuliko shemeji. Ningeitia kwenye mfuko gani? Lakini shangazi hakuzua yote, kwa hiyo tulia nikusimulie.

Kazi yangu unaijua juu juu. Namsaidia mkuu wa usalama wa mitambo, mama mmoja ambaye kila mtu humwita Mama Kufuli, mkurugenzi akiwemo. Tunautunza mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoziamrisha programu nyingine zote ndani ya mashine. Watengenezaji wake wakigundua tundu, hutoa kiraka, nasi tunakibandika. Basi likapatikana tundu baya. Mtu yeyote mwenye akaunti ya kawaida angeweza kujigeuza mtawala wa mashine nzima, akafuta kazi za watu, akatufungia nje sisi wenyewe. Na maelekezo ya kufanya hivyo yalikuwa yameshazagaa mtandaoni. Kiraka tulikuwa nacho. Tatizo ni kwamba kukibandika kulitaka mashine izimwe.

Hapo tukagongana na Bwana Mawingu. Huyu ni mtaalamu wa hali ya hewa, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa, na hesabu zake za mvua zilikuwa zikiendeshwa mle kwa wiki kadhaa. Alisema mashine haizimwi. Nilimweleza kuhusu tundu, akajibu kwamba tundu ni la kwenye makaratasi yetu tu, na watu wa usalama tunaishi kwa kuwatisha wenzetu. Sikumlaumu sana, maana safari iliyopita tulizima, mashine ilipoamka ikawa haizioni diski zake, na kazi yake ikapotea. Mara hii hakutaka masihara. Alileta kiti, birika la umeme na koti zito, maana mle ndani ni baridi kama jokofu, akaweka makazi mbele ya swichi kuu. Ukipita anakukaribisha chai, lakini hakupishi.

Mama Kufuli alimfuata mkurugenzi. Mkurugenzi wetu ni mtu wa amani, hapendi kumkera yeyote. Alisema tusubiri kidogo. Tulipomwuliza kidogo ni kiasi gani, alikumbuka ana kikao.

Jumatatu moja asubuhi nikafungua mashine nikakuta maandishi kwenye skrini. Nikadhani ni yangu peke yangu, kumbe kila aliyeingia ameyakuta. Yalisema hivi: "Hodi. Samahani kwa kuingia bila kukaribishwa. Mlango ulikuwa wazi. Sijagusa kitu. Tafadhali fungeni kabla hajaja asiye na adabu."

Dada, ofisi ilichemka. Mkurugenzi alitoka mbio akiwa na kiatu kimoja, akatoa ruhusa pale pale ukumbini. Ajabu ni kwamba Bwana Mawingu alibeba kiti chake mwenyewe bila kuambiwa. Aliomba jambo moja tu, tuihifadhi hesabu yake pale ilipofikia. Tukaihifadhi, tukazima, tukabandika kiraka kabati baada ya kabati. Wakati wa kuwasha, Mama Kufuli alifumba macho, mimi nikawa nahesabu taa za kijani kwa mdomo. Diski zote zikaonekana. Hesabu ya mvua ikaendelea pale ilipokatikia, na Bwana Mawingu akalipapasa kabati kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

Nilidhani yameisha. Kumbe mkurugenzi, baada ya kuvaa kiatu cha pili, alianza kumtafuta mwizi. Kumbukumbu za mashine zilionyesha kwamba maandishi yale yaliwekwa Jumapili mchana kwa jina la mtawala wa mfumo. Jina hilo tunalitumia watu wawili. Mama Kufuli Jumapili alikuwa safarini. Tena, alisema mkurugenzi, ni nani humu ndani anayeomba samahani hata akigongana na mlango? Wote wakanigeukia.

Mama Kufuli alinitetea mpaka sauti ikamkauka, akisema tundu lenyewe humvika yeyote jina la mtawala. Haikusaidia. Nilinyang'anywa kadi ya mlango, nikawekwa mapokezi kungoja barua ya kufukuzwa. Hapo ndipo binamu alipopita na kuniona nimejiinamia, na shangazi akapata lake la kusema. Sikukupigia simu kwa sababu ningelia, nawe ungepanda basi uje umgombeze mkurugenzi.

Sasa sikia. Nikiwa pale mapokezi alikuja Bwana Mawingu na vikombe viwili vya chai. Alikaa, akakoroga chai isiyo na sukari kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo: "Mdogo wangu, ni mimi." Jumapili ile alikuwa amefuata maelekezo ya mtandaoni hatua kwa hatua ili atuthibitishie kwamba tundu ni uzushi. "Nilitaka nishindwe," aliniambia, "nikafaulu." Alijikuta mtawala wa mashine nzima, na hakujua atakubalije mbele yetu kwamba tulisema kweli. Ndipo akaandika ule ujumbe na kukimbilia nyumbani.

Tulikwenda kwa mkurugenzi pamoja. Bwana Mawingu alisema yote, mimi nimekaa pembeni, na mwisho akaniomba radhi mbele ya Mama Kufuli. Nilikuwa nimepania kumkasirikia, ila nilipokumbuka ile "samahani" ya kwenye skrini nikashikwa na kicheko, na Mama Kufuli naye akafuata. Kadi yangu nilirudishiwa. Bwana Mawingu akaunti yake imefungwa kwa miezi kadhaa, kila hesabu yake lazima ipitie kwangu.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na mama mweleze taratibu asipandwe na presha. Ningeandika zaidi, lakini Bwana Mawingu amesimama mlangoni tangu aya iliyopita. Anasema kimetoka kiraka kipya, na anauliza tunangoja nini.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hajaiba kitu.