Kijiko cha Sauda

Koboko, 1975

Mama,

Nimetoka kwa kina Sauda sasa hivi, hata vumbi sijanawa.

Unakumbuka tulivyoanza ile kazi ya daktari, nyumba kwa nyumba, kuandika watoto wenye kifafa na aina zake? Mimi na kalamu yangu na maringo ya sekondari. Wewe mkunga usiyejua kusoma. Nikiuliza, "Kuna mtoto mwenye kifafa hapa?" kila nyumba ilijibu hakuna. Nani angekubali, mtoto wake atengewe kikombe? Ukanivuta kando: "Hapana uliza jina ya ugonjwa. Uliza mtoto gani nakatazwa kukaa na moto. Halafu mama yake aonyeshe na mwili."

Wakaonyesha. Mmoja alikunja mkono wa kushoto kwanza, mwingine akajitupa mkekani mzima mzima. Hapo ndipo nilipojua nani nimwandike kwenye safu ya upande mmoja, na nani ya mwili wote.

Sauda nilimwandika mzima, hana ugonjwa. Mama yake alionyesha kijiko kinasimama karibu na mdomo, macho yanaganda, kisha mtoto anaendelea kula. "Huyu iko kichwa ngumu tu," alisema baba yake, nami nikaamini. Shuleni alichapwa kwa kutojibu, na mwalimu alikuwa karibu kumfukuza. Ulinirudisha asubuhi yake kwa baiskeli, mimi nimenuna. Tulikaa naye mpaka sahani ikaisha. Kijiko kilisimama mara tatu. Daktari akasema hicho nacho ni kifafa, aina yake peke yake, akaongeza safu ya tatu kwenye karatasi. Mama, safu ile ni yako!

Tangu tukuzike nimepita nayo mpaka vijiji vya Ayivu, na nimewapata wengine waliokuwa wanaitwa wavivu. Leo Sauda, anayekunywa dawa kila siku, amenisomea ukurasa mzima bila kukatika. Baba yake alikaa mlangoni akisikiliza, akaniambia, "Mama yako aliona." Nimelia njia nzima, lakini kifua kilikuwa mbele.

Kesho nawafundisha wasichana wawili wapya. Wana maringo mengi kuliko niliyokuwa nayo mimi. Nitawaambia swali lako kwanza, karatasi baadaye.

Pumzika, Mama yangu. Nakuahidi: sitamwandika mtoto yeyote mzima kabla sijakaa naye mpaka sahani iishe.

Mwanao,
Hawa