Wamekuja Kumsalimu Shefu

Alhamisi, wiki ya saba ya chuo. Mvua imepiga Uvira asubuhi nzima, mtaa wetu wa Mulongwe wote ni tope, viatu vyangu vinakauka dirishani, na minye nina furaha mpaka nakosea herufi. Naandika mbio mbio kwa simu, nimekaa kitandani kwa shangazi, kabla sijasahau hata neno moja la leo.

Lakini kwanza niungame. Kuna jambo sijaliandika humu wiki zote hizi.

Nilimdanganya Papa. Au tuseme nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukafika mpaka kanisani kijijini kwetu, Runingu.

Ilikuwa wiki ya pili. Nyinyi mnaosoma shajara hii mtandaoni toka mwanzo mnakumbuka hali yangu wakati ule. Nilikuwa nalia ndani ya choo cha chuo. Sisi wa mwaka wa kwanza wanatuita bleu, na kila bleu ana mtu wa kumcheka. Kifaransa cha kozi ya kemia kilikuwa kinanipita juu ya kichwa. Nilijaza ukurasa mzima na neno "mole" nikidhani ni jina la mtaalamu fulani wa Ulaya, kumbe ni kipimo. Kitu kimoja tu nilikuwa nakiweza: kufika mapema. Kwetu ukichelewa shambani jua linakusalimia vibaya, basi saa moja kamili niko mbele ya mlango wa oditwari, ukumbi wetu wa masomo, nangoja mlinzi afungue. Mwisho mlinzi akachoka kuamka kwa ajili ya muntu mmoja, akaniachia ufunguo. Siku ya kuchagua shefu wa promosio, mwalimu aliuliza ufunguo uko kwa nani. Wote wakanigeukia. Uchaguzi ukaishia hapo.

Kwa wasiojua chuo cha kwetu: promosio ni wanafunzi wote wa mwaka mmoja. Shefu wa promosio, CP kwa kifupi, ni mwanafunzi mwenzao anayebeba mizigo yao. Anafuta ubao. Anatafuta chaki. Anaita majina asubuhi. Anampigia profesa kuuliza kama atakuja, na profesa asipokuja, makosa ni ya CP. Basi. Hakuna kitu kingine.

Nikampigia Papa. Yeye hupanda kichuguu nyuma ya nyumba ili apate mtandao. Nikamwambia, "Papa, wamenichagua shefu wa promosio." Mtandao ukakatika-katika, akashika maneno mawili: shefu, na promosio. Sasa Runingu, shefu ni muntu anayekata kesi za mashamba, mwenye muhuri, anayepewa kiti hata kama wazee wamesimama. Na promosio ni kupandishwa cheo. Nilimsikia Papa juu ya kichuguu anamwita mama yangu kwa kelele: "Mama Feza! Mutoto yetu iko shefu! Shefu wa Uvira!"

Papa wangu si muntu wa kelele. Nilipofaulu mtihani wa Leta, ule wa serikali wa kumaliza sekondari, alisema "Aksanti Mungu" na akarudi kulima. Sijawahi kumsikia vile maisha yangu yote. Nilifungua mdomo kumsahihisha, nikaufunga.

Nilijiambia nitamweleza wiki inayofuata. Wiki inayofuata Mama akanipigia, akasema kwaya imeniimbia kanisani. Nikazidi kunyamaza.

Leo sasa.

Saa mbili kasorobo nilikuwa juu ya benchi nafuta ubao, wenzangu wanajisomea, saa nne tuna intero, yaani jaribio, ya kemia, kichwa kimejaa namba. Nikasikia Riziki, rafiki yangu, ananiita toka mlangoni kwa sauti ya ajabu. "Feza, kuna watu wanakuuliza. Wanasema wanamutafuta shefu."

Nikageuka. Yesu wangu!

Papa amesimama mlangoni, koti lake la Jumapili limelowa, kichwani amebeba kiti. Si kiti chochote. Ni kile cha mikono cha sebuleni kwetu, kile kimoja tu tulicho nacho, ambacho sisi watoto tulikuwa tunachapwa tukikikalia. Nyuma yake shemasi Kashindi wa kanisa letu, na Biblia ndani ya mfuko wa plastiki. Na nyuma ya shemasi, Mama Mapendo, jirani yetu, na jogoo mwekundu kwapani, miguu imefungwa. Wametoka Runingu na moto mbili, pikipiki za abiria, chini ya mvua, na kiti.

Papa akatua kiti katikati ya oditwari. "Shefu hakai juu ya benchi," akasema.

Watu walianza kucheka. Nilitamani ardhi inimeze. Hapo Espoir, yule kijana wa kiti cha nyuma ambaye toka wiki ya pili ananiita Mama Shefu kwa dharau, aliruka akapiga benchi na kiganja: "Promosio, simameni! Shefu anapokea wageni!" Wote wakasimama. Oditwari nzima ikaitika: "Bonjour, Shefu!"

Walikuwa wanafanya mchezo. Nilidhani Papa hajui ni mchezo. Alivua kofia, macho yakamjaa maji, akaanza kuwapungia mkono, huku na huku, kama muntu anayepokewa bandarini Kalundu.

Na minye nikakaa kwenye kile kiti. Niseme kweli, nilikaa. Nilijiambia: intero ni saa nne, watakunywa chai, watarudi kwao wamefurahi, nani ameumia?

Ndipo Mama Mapendo akasogea. Akaniwekea jogoo miguuni, akapiga goti kidogo. Mama aliyenifunga nepi! Akasema:

"Shefu, minye sikukuya kusalimia tu. Neema wangu unamujua. Alipata diplome ya Leta mwaka jana, na ile diplome iko imelala ndani ya sanduku mpaka leo. Kila siku iko ananiuliza, mama, nitafanya nini? Sasa weye Mungu amekupatia muhuri. Mupigie tu muhuri, mutoto aingie masomo. Sikuombe kitu kingine."

Nilimwangalia Papa. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, kama anayesema atafanya, atafanya, lakini hakuniangalia.

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho, mbele ya promosio nzima. Neema nimekua naye. Tumechota maji pamoja, tumegawana kalamu moja. Kama ningesema "nitaona, Mama," angerudi kumwambia mwanae afue nguo zake, na mutoto angengoja, na kungoja.

Nikainuka. Kitambaa cha ubao kilikuwa bado mkononi, nikakiinua.

"Mama Mapendo, sina muhuri. Sina hata ofisi. Muhuri wangu ni hiki kitambaa. Nafuta ubao, natafuta chaki, naita majina. Ndiyo kazi ya shefu wa promosio. Papa alisikia vibaya kwa simu. Na minye nilisikia kwamba amesikia vibaya, nikanyamaza, juu alikuwa amefurahi sana. Munisamehe."

Hata Espoir aliangalia viatu vyake.

Shemasi Kashindi ndiye aliyekohoa wa kwanza. "Lakini tulikuombea," akasema polepole. "Tulikuombea hekima ya kukata kesi."

"Basi nirudishie jogoo wangu," Mama Mapendo akasema.

Nikamrudishia. Papa alikuwa amegeukia dirisha, anaangalia ziwa, na ziwa lenyewe halionekani kwa mvua. Sikuweza kumwangalia. Mgongo wake ndio uliniumiza kuliko maneno yote.

Nilidhani wataondoka. Mama Mapendo alifika mpaka mlangoni, jogoo kwapani, akasimama, akageuka.

"Sasa mwenye muhuri ni nani?"

Hilo, jamani, ndilo swali pekee hapa duniani ambalo CP anaweza kulijibu!

Nilimshika mkono nikamvuta chini ya mvua mpaka aparitora, ofisi ile wanapoandikisha wanafunzi. Mama wa pale ni mkali, hata maprofesa wanabisha hodi mara mbili. Lakini minye wiki tano sasa kila asubuhi niko mlangoni kwake naomba chaki, amenizoea kama muntu anavyozoea nzi. Hakuinua hata macho.

"Tena weye? Chaki ziliisha."

"Leo si chaki, Mama. Nimeleta mzazi."

Akainua macho. Akamwona Mama Mapendo, kitenge cha Jumapili kimeganda mwilini, maji yanachuruzika, jogoo anamkodolea macho. Sijui nini kilimlainisha. Nadhani ni jogoo. Alisukuma kiti, akasema mama akae, akauliza diplome ni ya mwaka gani, ya masomo gani. Halafu akatuambia waliochelewa bado wanapokelewa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Nafasi ziko chache, haahidi kitu, lakini mutoto aje.

"Si unaweza kumuandika leo?" Mama Mapendo akauliza. "Minye mama yake niko hapa."

"Aje mwenyewe Jumatatu na karatasi zake. Diplome haitembei peke yake."

Nikaandika kila kitu kwenye ukurasa wa daftari: diplome, picha, cheti cha kuzaliwa, barua ya kuomba. Mama Mapendo hasomi, akanifanya nirudie mara tatu, akivikunjia vidole kimoja kimoja. Mwisho alinitajia yeye, hakukosea hata kimoja. Akakunja karatasi, akaiweka kifuani. Kisha akanipiga begani, si polepole. "Ungesema toka mwanzo," akasema, "nisingemulowanisha jogoo." Tukacheka, mpaka yule mama mkali akatufukuza.

Saa nne kasorobo nilirudi oditwari mbio, nimelowa chapachapa. Mwalimu wa kemia alikuwa ameshafika. Cheo chake ni Chef de Travaux, yaani naye ni shefu, Congo hii mashefu hawaishi. Alikuwa anakizunguka kile kiti.

"Hiki ni cha nani?"

"Ni cha shefu," Espoir akajibu.

"Ndiye minye," akasema, akakaa. Promosio ilicheka mpaka akacheka naye bila kujua sababu.

Nikaita majina. Sauti ilinitetemeka kwa jina la kwanza, la pili, halafu ikakaa sawa. Kila niliyemwita aliitika "prezan!" na leo sikusikia mtu anaiga sauti yangu. Dirishani niliona kofia ya Papa. Alisimama nje na shemasi chini ya ukingo wa bati, wanasikiliza, mpaka jina la mwisho.

Intero yenyewe? Swali la kwanza lilikuwa la mole! Nilijibu yote matano. Matano! Wiki ya pili nisingejua hata kuandika jina langu juu ya karatasi ile bila kulia. Nilipomaliza nikaenda kufuta ubao, nikakuta Espoir ameshashika kitambaa. "Kaa, CP," akasema. Si Mama Shefu. CP.

Papa alikuwa ananingoja barabarani, pale moto zinaposimama. Mama Mapendo na shemasi walikuwa wamekwisha kupanda yao. Kiti kiko miguuni pake. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba msamaha, akaniwahi.

"Wale watu wote," akaanza yeye, "ukiita jina, wanaitika?"

"Ndiyo, Papa."

"Kwetu shefu akiita, nusu wanajificha."

Hakucheka. Minye pia nilijikaza nisicheke. Alifuta maji kwenye mkono wa kiti, kisha akasema huku anaangalia barabara:

"Minye nilijua toka Jumanne. Mwalimu wa shule yetu alinieleza CP ni nini."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Papa! Sasa ulikuya juu ya nini?"

"Kwaya ilikuwa imeshaimba," akasema. "Na jogoo alikuwa ameshafungwa miguu."

Hapo nilicheka, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka nikashikilia moto ya watu. Naye akaanza, mabega kwanza, halafu mwili mzima. Tulisimama kwenye tope tunacheka kama wendawazimu wawili, na mwenye moto anatuuliza kama tunakwenda ao hatuendi. Papa aliponyamaza alinishika kichwa kwa mkono mmoja, kama alivyokuwa ananishika nikiwa mdogo, akasema alitafuta njia ya kuwaambia siku mbili nzima na hakuiona. "Weye umesema mbele ya watu wote. Minye niliogopa watu wawili."

Kiti nacho kimerudi Runingu. Nilimwambia akiache, kwenye kozi zote hatuna viti vya kutosha. Akasema hathubutu: Mama alimwambia kiti kikibaki Uvira, na yeye abaki huko huko.

Sasa hivi shangazi ananiita nipike sombe, mboga ya majani ya muhogo, na sijaanza. Siwezi kutulia. Jumatatu saa moja na nusu nitakuwa getini kumngoja Neema. Labda watampokea, labda nafasi zitakuwa zimejaa, sijui, na nimemwambia mama yake hivyo hivyo kwamba sijui. Nitampeleka mlango kwa mlango.

Na nimejiapia jambo moja. Kuanzia leo, muntu akinisikia vibaya nitamsahihisha palepale, kabla hajashuka kichuguu. Hata kama ni Papa. Hata kama anashangilia.

Hasa kama anashangilia.