Majina Thelathini na Moja ya Mama

Jumanne, Februari 2015. Buffalo.

Theluji imeanguka tangu asubuhi na bado haijachoka. Nimekaa jikoni na koti mwilini, kwa sababu mimi na mwenye nyumba hatujakubaliana joto ni kitu gani. Leo mtaani kwetu Riverside sijaona kitu barabarani isipokuwa gari la kusukuma theluji.

Sijaongea na mtu tangu nilipotoka kwa mama saa kumi. Ndiyo maana naandika.

Mama yuko kwenye nyumba ya wazee tangu apate kiharusi, mwezi wa kumi na moja. Upande mmoja wa mwili haufanyi kazi, na kumbukumbu zake zinaenda na kurudi zinavyotaka zenyewe. Mimi nafanya kazi kiwandani, naishi peke yangu ghorofa ya pili. Hata ningekuwa na nguvu za kumpandisha ngazi zile, mchana angebaki na nani? Kwa hiyo tuliomba serikali imlipie kupitia Medicaid, bima ya wasio na uwezo.

Nilidhani umaskini wetu unaonekana kwa macho. Kumbe unapimwa. Wanaangalia mapato yake, kisha wanaangalia kila dola iliyo benki kwa jina lake, na ikizidi kiwango hawalipi. Halafu wanarudi nyuma miaka mitano waone kama aligawa mali ili aonekane hana kitu.

Na mama, mfua mashuka wa hoteli, alikuwa na hela benki. Nyingi tu.

Hazikuwa zake. Zilikuwa za msiba. Sisi Warundi tuliotoka kambi moja ya Tanzania tukaletwa Marekani, mji wa Louisville, tulikuwa tunachanga kila mwezi, ili mtu akifa azikwe kwa heshima. Tuliziweka kwa jina la mama kwa sababu ni mjane na amezika watoto watatu, na tuliona mtu kama huyo hawezi kuchezea hela ya jeneza. Hata nilipomhamishia huku kwangu miaka miwili iliyopita, kikundi kilikataa kumbadilisha. Daftari halikuwepo. Yote yalikuwa kichwani mwake.

Niliposikia habari ya kiwango, nilijiona mjanja. Nilimpigia mdogo wangu Deo, anayekaa mtaa wa Linden kule Columbus, maana jina lake pia liko kwenye ile akaunti. Nikamwambia azirudishe kwa wenyewe kabla hatujajaza fomu. Akaendesha gari hadi Louisville, akatoa zote, na Jumapili baada ya ibada kila mmoja akataja chake akapewa, changu akanichukulia yeye. Ziliisha sawasawa, hakuna aliyedanganya hata senti.

Hakuna aliyesaini pia. Kwetu, kumpa mtu karatasi asaini kwa hela ya msiba ni kumwambia humwamini.

Alhamisi ikaja barua. Kwa macho ya ofisi ya Medicaid, mama amegawa mali yake. Tusipothibitisha kwamba hela zilikuwa za watu, hawatalipa kwa miezi kadhaa, na nyumba ya wazee imeshaniuliza, kwa upole, nitaanza kulipa lini au nitamchukua lini. Mwanamke wa ofisi hiyo alinieleza vizuri kwenye simu, sina ugomvi naye. Anataka barua kutoka kwa kila mchangaji: jina lake, alichanga kiasi gani, na ana uhusiano gani na mwombaji.

Nilimpigia Deo nikamfokea. Nikamuuliza mtu mzima anagawaje hela bila karatasi. Akasema, "Dada, si ni wewe uliyenituma?" Akakata simu. Tangu siku hiyo kimya.

Alisema kweli.

Watu wengine wamehama Louisville, na Deo hajui nusu ya waliopanga foleni siku ile. Kwa hiyo leo nilikwenda kwa mama na kalamu. Hakunitambua. Aliniuliza kama mimi ni wa ofisini, nikasema ndiyo. Nimechoka kumsahihisha, na kila nikimsahihisha anaogopa.

Nikamuuliza habari za hela ya msiba. Akavuta kitenge begani kwa mkono ule mzima, akakaa vizuri, akaanza. Hakutaja watu kwa mitaa ya Louisville. Aliwataja kwa bloku za kambini, mlango kwa mlango kuanzia kwenye bomba la maji, kama vile anapita kuwajulia hali. Nani anatoa kamili, nani alikosa mwezi mmoja akaja kuulipa, nani asisumbuliwe kwa sababu mume wake anaumwa. Nilimwomba apunguze mwendo. Akanicheka, akasema watu wa ofisini siku hizi hawajui kuandika.

Majina thelathini. Kisha akafikiri kidogo.

"Na Konsolata, mwanangu. Yuko Buffalo. Huyo hajakosa hata mwezi mmoja. Mwandike vizuri, dada."

Nikamwandika.

Akaniuliza kama namfahamu huyo Konsolata. Nikasema huwa namwona mara moja moja.

"Mwambie aje," akasema. "Hapa siku ni ndefu."

Nililia kwenye basi bila kujificha. Basi lenyewe lilikuwa na mimi na dereva tu.

Kesho mapumziko ya kwanza kazini ni ya Deo. Nitamwomba msamaha kwanza, ndipo nimsomee majina, tugawane kupiga simu. Barua ya thelathini na moja nimeimaliza sasa hivi, maana mchangaji wake hayuko mbali. Kwenye nafasi ya uhusiano na mwombaji nimeandika "binti yake", nikakaa nikiyatazama maneno hayo mpaka chai ikapoa.

Nikitoka kazini nitapita kwa mama tena. Nitamwambia Konsolata amefika.